Maua ya Ua Usio na Jua

Mama Wairimu tulimzika Rongai mwaka jana, Ijumaa moja yenye upepo mwingi, na baada ya mazishi nilijikuta nimekaa chini ya hema na sahani ya pilau mapajani, sina hamu nayo. Mzee mmoja mwenye fimbo na koti la kijivu akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando yangu, akaniangalia usoni kwa muda kama mtu anayesoma kibao kilichofutika. "Wewe si ndiye yule msichana alikuwa anachora jua kwa sakafu?" akaniuliza. Ndipo nikamtambua. Alikuwa Barasa, dereva aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Kampala karibu miaka thelathini, na hatukuwa tumeonana tangu nilipoondoka Salgaa. Tuliongea mpaka vijana wakaanza kukunja hema juu ya vichwa vyetu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuupanga ule mwaka niliokaa Salgaa, mwezi baada ya mwezi, maana niligundua tukiongea kwamba yeye anakumbuka vitu ambavyo mimi nilivisahau, na mimi nakumbuka vile ambavyo yeye angependa kuvisahau.

Nilifika Salgaa mwezi wa kwanza, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na alama zangu hazikutosha kunipeleka nilikotaka, wala hazikuwa mbaya kiasi cha kukata tamaa. Mama Wairimu, aliyekuwa akisali kanisa moja na mama yangu, alisema nije nimsaidie mwaka mmoja huku tukiangalia mambo. Alikuwa na lojingi ya vyumba kumi nyuma kidogo ya barabara kuu, mahali madereva wa malori walipolala na kula. Vyumba vilikuwa mistari miwili iliyotazamana, moja hadi tano huku, sita hadi kumi kule, na katikati kulikuwa na ua wa saruji, mrefu na mwembamba, upana wake hatua zangu sita. Mwisho mmoja palikuwa na jikoni na mwisho wa pili lango. Paa za mabati zilitokeza mbele sana ili wageni wasinyeshewe wakitoka vyumbani, kwa hiyo ufa wa anga uliobaki juu ulikuwa mdogo, na hata adhuhuri ua ule ulikuwa na giza la kijivu na harufu ya saruji mbichi. Mimi nililala kwenye stoo iliyopakana na chumba cha kulia, ukuta ukiwa wa plaiwudi tu. Jioni nikikunja mashuka niliwasikia madereva wakila ugali na matumbo na kuzungumza: foleni ya Malaba, tairi lililopasuka Mai Mahiu, mke aliyenuna, mtoto anayekataa shule. Nilijifunza jiografia ya nchi hii kupitia plaiwudi ile zaidi kuliko nilivyojifunza darasani.

Asubuhi moja tukinywa chai kwa nduma, yale magimbi ya kuchemsha, Mama Wairimu akaweka kikombe chini akautazama ua kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwa akisema jambo kabla hajalipika kichwani. "Agnes," akasema, "watu wakiingia hapa wanafikiria wameingia selo. Nataka maua." Nikamwambia ni wazo zuri. "Hata Kiswahili yenyewe inakubali," akaendelea, bila kucheka. "Hii mahali inaitwa ua. Sasa ua bila ua ni nini?" Akanituma Nakuru, nikarudi na waridi sita na jerenia nane, zote zimechanua, nyekundu na za pinki, nikazipanga pande zote mbili ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia na madebe yaliyokatwa. Kwa wiki mbili tulikuwa na fahari. Wiki ya tatu maua yakaanza kudondoka, majani yakawa ya njano, nami nikazidisha maji kwa huruma. Mwezi wa pili ulipoisha nilikuwa na vijiti kumi na vinne vilivyooza miguuni.

Nikarudi kwa yule aliyeniuzia, mwanamke aitwaye Rael, aliyekuwa na miche kando ya barabara ukiingia Nakuru. Alikuwa na gambuti miguuni na kofia ya mtu mwingine kichwani, na kabla ya kuuza miche alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye shamba la maua Naivasha. Nilimwambia maua yake yamekufa. Hakujitetea. "Ulikuwa umeyaweka wapi?"

"Kwa ua. Ndani ya lojingi."

"Jua inaingia saa ngapi hapo?"

Nikatazama gambuti zake. Akauliza tena: "Inaingia upande gani? Inakaa dakika ngapi?" Nilikuwa nimeishi mahali pale miezi miwili na sijawahi kuangalia. Rael akarudi kumwagilia miche yake. "Wewe hukutaka maua, ulitaka rangi," akasema, mgongo wake ukinielekea. "Enda ujue jua yako kwanza, halafu ukuje nikuuzie. Saa hii nikikuuzia utaenda tu kuua." Nilipanda gari kurudi Salgaa nikiwa nimekasirika, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kama kuwashwa. Kweli, jua lilikuwa likiingia saa ngapi?

Kesho yake nilichukua kipande cha makaa jikoni nikapiga magoti kwenye saruji. Mwanga ulipoanguka chini kwa mara ya kwanza ilikuwa karibu saa tano: utepe mwembamba wa njano, mbele ya vyumba vya moja hadi tano. Nikauchora ukingo wake. Baada ya nusu saa ulikuwa umesogea upana wa kiganja, nikauchora tena. Saa nane ukapanda ukutani na kupotea. Upande wa sita hadi kumi haukupata hata tone. Mama Wairimu alipita na ndoo, akasimama, akaniuliza kama niko sawa. Nikamweleza. Akatazama ile michoro kwa muda mrefu, akaruka juu yake taratibu ili asiikanyage, na tangu hapo akawa akiwakemea wageni waliopitisha buti zao juu ya makaa. Mjukuu wake, Nyambura, wa miaka mitatu, alichuchumaa karibu nami siku nzima. Mama yake, Wairimu, alikuwa akishona nguo Nakuru na kumwacha na nyanya yake siku za kazi, na mtoto yule alikuwa amejifanya mkia wangu. Popote nilipokwenda alikuja na kikombe cha bati, tayari kumwagilia chochote.

Barasa alifika jioni hiyo. Aliponikuta nimelala kifudifudi nikichunguza mstari wa mwisho, alisimama na kifurushi chake begani. "Mathe," akamwambia Mama Wairimu, "huyu amepoteza nini?" Akaambiwa natafuta jua. Hakucheka kama wengine. Alivua kofia, akataka aonyeshwe lilipoanzia na lilipoishia, kisha akasema kwamba Jinja aliwahi kuona ofisi isiyo na dirisha hata moja, na ndani yake kulikuwa na mimea mikubwa kuliko mtu. "Kumbe kuna zile hazitaki jua," akasema. "Nitakuangalilia."

Rael, nilipomrudia na saa zangu zimeandikwa kwenye karatasi, aliisoma mara mbili. Hakunisifu, lakini alinifungulia sehemu ya nyuma ya kitalu ambayo mara ya kwanza hakunionyesha, chini ya neti nyeusi, na huko nikaona kwamba kijani si rangi moja. Kulikuwa na mmea wenye majani membamba yenye mstari mweupe katikati, unaotaga watoto wake hewani na kuwaning'iniza kwa kamba. Kulikuwa na zile zinazoota kando ya mito, zenye majani kama manyoya. Hizo nikaziweka upande wa giza. Nilijifunza kutia kidole kwenye udongo kabla ya kumwaga maji, kutoboa mikebe chini, kuweka mmea wenye majani meupeupe kwenye kona yenye giza zaidi kwa sababu weupe wake ulikopesha kona ile mwanga. Nikipamba sebule yangu leo bado naanzia hapo, kwenye kona iliyo mbaya kuliko zote.

Na madereva wakaanza kuleta. Sijui nani aliwaambia, huenda Barasa. Mmoja alileta kipande cha mmea wa kutambaa kutoka Kericho, majani yake yana umbo la moyo, kimefungwa kwa gazeti lenye maji. Mwingine alileta wenye majani mapana, mekundu katikati kama mtu amemwagia soda. Mwingine ule wenye ua moja jeupe lililokunjamana kama kijiko. Barasa mwenyewe alishuka siku moja ya mwezi wa nne amekumbatia mkebe kama mtoto mchanga. Ulikuwa mmea wa shina nene, majani makubwa yenye madoa ya krimu, na kwa kweli ulikuwa mzuri kuliko yote. Tuliuweka mbele ya chumba namba saba. Majina hatukuyajua, wala hatukuona haja. Tulisema "ule wa Kericho", "ule wa soda", "ule wa Barasa". Ule wa Kericho nikaufunga kwenye waya chini ya paa, na kufikia mwezi wa sita ulikuwa umepita juu ya milango mitano. Wageni walianza kutoa viti vyao nje kunywa chai uani, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mwezi huohuo wa sita majani ya zile za mtoni yaliungua. Yalikauka yakawa kahawia, upande wa juu tu, na mimi nikaamini kuna mgeni anayemwaga maji moto ya kuoga. Nililalamika kwa Mama Wairimu, karibu nimtaje mtu kwa jina. Yeye akasema tu, "Umeangalia jua yako?" Nikasema jua nilishalichora. "Ulichora lini?" Nikachukua makaa. Utepe wa mwanga haukuwa tena upande wa moja hadi tano. Ulikuwa umevuka ua mzima na sasa ulianguka upande wa sita hadi kumi, moja kwa moja juu ya mimea niliyoificha gizani. Nilikaa chini. Mwendo wa jua kutoka kusini kwenda kaskazini nilikuwa nimeusoma shuleni, nikaujibu kwenye mtihani na kupata alama. Lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba jua la kitabuni ndilo hili lililounguza mkebe wangu. Nadhani siku hiyo ndipo nilipoanza kutaka kusoma kweli, na si kwa sababu watu walinitarajia nisome. Nikahamisha mikebe ya zile za mtoni, nikaamua kuchora mstari mpya kila baada ya wiki mbili.

Ndicho nilichokuwa nikifanya asubuhi ile ya mwezi wa nane. Nilikuwa nimepiga magoti upande wa lango, nikingoja mwanga ufike nichore, na Mama Wairimu alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Aliniambia, "Mwangalie huyo," nami nikajibu, "Yuko hapa." Na kweli alikuwa hapo, nyuma yangu, na kikombe chake. Kisha nikasikia kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwa Nyambura, kilichoanza kwa nguvu na kukatika kama redio iliyopoteza stesheni. Alikuwa amesimama mbele ya chumba namba saba, jani lililotafunwa mkononi, mate yakimtiririka hadi kifuani. Mdomo ulikuwa umeanza kuvimba. Alikuwa analia lakini sauti haikutoka.

Mama Wairimu alimsafisha mdomo kwa maji baridi, akampa maziwa, mengi yakamwagika. Jirani mwenye pikapu akatukimbiza kliniki. Daktari alikuwa kijana, si mkubwa kwangu sana, na aliuliza maswali yake kwa utulivu huku akimmulika mtoto kooni.

"Amekula nini?"

"Jani."

"Jani la nini?"

"La ule wa Barasa," nikasema.

"Barasa ni nani?"

"Ni dereva."

Aliacha kuandika akaniangalia, si kwa dharau, akingoja tu niseme jambo litakalomsaidia. Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ile ndiyo iliyobaki na makali yake. Nilikuwa nimeumwagilia mmea ule miezi minne. Nilijua unapenda kona gani na unakunywa maji kiasi gani. Jina lake sikulijua.

Walimweka Nyambura hapo mpaka jioni, wakiangalia anavyopumua. Uvimbe ulianza kushuka. Wairimu alifika kutoka Nakuru akiwa bado na futi ya kupimia nguo shingoni, akamchukua mtoto mikononi mwa nyanyake bila salamu. Mama Wairimu akajaribu kueleza. "Mama," Wairimu akasema, "mlikuwa mnaangalia maua." Halafu akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unachora." Hakupaza sauti. Aliondoka na mtoto, na sahani ya Nyambura ikakaa miezi minne kwenye rafu ya jikoni, imefunikwa kitambaa.

Mmea ule Mama Wairimu aliuzika nyuma ya tangi la maji, mkebe na yote. Barasa aliporudi wiki iliyofuata alienda moja kwa moja namba saba, akakuta duara la kutu kwenye saruji. Mama Wairimu alimkalisha mezani, akampakulia, akamweleza kila kitu akiwa amesimama. Nilikuwa nyuma ya plaiwudi yangu, nikasikia sahani ikisukumwa. "Mimi nilileta kitu kizuri," Barasa akasema. "Niliibeba kwa mapaja kutoka Jinja ndio isivunjike."

"Kula, Barasa," Mama Wairimu akamwambia. "Hakuna mtu alijua."

Alijua kwamba nasikiliza. Maneno yale yalikuwa yangu pia, na alinipa kama mtu anavyokusogezea sehemu ya blanketi. Lakini sikuweza kujifunika nayo. Siku mbili baadaye nilichuma jani moja kutoka kila mkebe, nikayafunga kwa gazeti, nikaenda kwa Rael.

Aliyapanga juu ya meza ya mbao akanipa jina la kila moja, jina la sokoni na lile refu alilojifunza Naivasha, nami nikayaandika. Nilimweleza pia ule uliozikwa, shina, madoa, yote. Akatikisa kichwa. "Ushawahi kula nduma haijaiva?"

"Inawasha koo."

"Sawa. Huyo ni wa ukoo wa nduma, lakini yeye ni mkali zaidi. Wazungu wanamwita muwa wa bubu, maana anayemtafuna sauti inapotea." Kisha akatenga majani matatu kutoka kwa yale mengine, akayasukuma kwangu kwa kidole: umbo la moyo, doa la soda, na lile la ua la kijiko. "Na hawa ni ndugu zake. Hawamfikii kwa ukali, lakini mtoto akitafuna atalia."

Nilirudi Salgaa na siri kwenye gazeti. Hakuna aliyejua kwamba nimekwenda. Ule wa Kericho sasa ulikuwa umevuka ua na kufika mlango wa nane, na asubuhi hiyohiyo dereva mmoja alikuwa amepiga picha chini yake ampelekee mkewe. Mtoto hakuwepo tena pale, nikajiambia, na watu wazima hawatafuni majani. Tulikuwa tunakula githeri, Mama Wairimu na mimi, na nilitafuna kila punje kama kokoto. Nikafikiria kwamba Nyambura hawezi kurudi mahali pale mpaka mtu fulani aweze kumwambia mama yake, bila kudanganya, kwamba ni salama. Mtu huyo alikuwa mimi. Nikatoa karatasi, nikamsomea majina yote, na mwishoni nikamsomea yale matatu.

Mama Wairimu alisikiliza kijiko kikiwa hewani. "Ukoo wa nduma," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi napika nduma kila asubuhi, Agnes. Najua inawasha. Hata mama yangu alitufukuza tukiwa wadogo tukiigusa mbichi." Akaweka kijiko chini. "Na sikuwahi kujiuliza kama iko na ndugu."

Tukamaliza kula. Baadaye akaniuliza ningependa tufanye nini, akasema hatanijibia. Nikasema itolewe yote mitatu. Kesho yake nilipanda kwenye ngazi na kisu, nikaukata ule wa Kericho kutoka mlango wa nane kurudi wa kwanza, mchana kutwa, utomvu ukiniwasha mikono. Wageni walinung'unika. Ua ukabaki na waya mtupu, na nikalia kidogo pale juu ambapo hakuna aliyeniona. Kisha nikaleta nyingine za manyoya na nyingine za kutaga watoto, nikazining'iniza polepole, na kwenye kila mkebe nikaandika jina kwa rangi nyeupe.

Wairimu alirudi Krismasi. Alimleta Nyambura akimshika mkono kwa nguvu, akakataa kuketi. Akaniambia nimzungushe. Tulianza langoni, mkebe kwa mkebe, yeye akisoma jina, akiuliza, nami nikijibu. Hii ikitafunwa? Hakuna kitu. Na hii? Itamuumiza tumbo kidogo akila nyingi. Alipouliza juu ya ule wa Kericho, alioukumbuka, nilimwambia ulikuwa hatari na kwamba niliukata mwenyewe, na kwamba siku ile ya mwezi wa nane nilikuwa nimempa mtoto mgongo. Nilisema yote mara moja ili nisipate nafasi ya kuyapamba. Akaendelea na mkebe uliofuata. Tulifika jikoni, ambako Mama Wairimu alikuwa anajifanya anakanda chapati, na Wairimu akasimama hapo akitazama ua wote nyuma yetu, ule utepe wa mwanga ukiwa umeshavuka tena kurudi upande wa moja hadi tano.

"Chumba yangu Nakuru inaangalia ukuta," akasema. "Nikishona lazima niwashe taa hata saa sita. Kuna kitu inaweza kaa hapo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba siwezi kujua bila kukiona.

Akauachia mkono wa mtoto. "Basi kuja uone," akasema.